Mwili wa Mganga na Kazi ya Uganga

Kijana aliyefaulu masomo yake ya sayansi na kuchaguliwa kuingia chuo cha uuguzi au cha utabibu hupokea, pamoja na maelekezo ya kujiunga, karatasi ya kupimwa afya. Huipeleka kwa daktari, naye daktari huandika habari za macho, masikio, kifua, viungo na akili, kisha hutia sahihi na muhuri kwamba mwombaji anafaa au hafai. Sisi ambao tumetumikia ofisi za serikali miaka mingi tunazijua karatasi za namna hii, wala hatuzidharau. Hata hivyo neno hilo "anafaa" linatudai maelezo. Kufaa ni kufaa kwa jambo fulani. Mtu aandikaye "hafai" bila kusema hafai kwa kazi ipi, akitumia vifaa gani, na akishirikiana na nani, ametoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Basi tunataka kuliuliza swali hili waziwazi. Je, ni haki kumnyima kijana mwenye ulemavu mafunzo ya kuwatibu na kuwauguza watu? Na kama si haki, chuo kina wajibu gani wa kubadili taratibu zake ili kijana huyo apate kusoma, na wajibu huo unafika ukomo wapi, ikiwa maisha ya mgonjwa nayo yamo mizanini?

Kabla hatujalijibu hapana budi tuitazame lugha yetu, kwa kuwa mtu hufikiri kwa maneno aliyorithi. Kiswahili huwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kibiongo katika ngeli moja na kiti, kisu na kijiko. Wako wanaosema kwamba hiyo ni dalili ya dharau ya wazee wetu, kuwa walimhesabu mwenye ulemavu kama chombo. Jambo hili lisipimwe kwa haraka. Katika ngeli hiyo hiyo wamo kijana, kiongozi, kinyozi, kipenzi na kiumbe. Tena mzee akisimulia habari husema "kipofu amekuja", hasemi "kimekuja". Sarufi imemrudishia utu wake. Lawama inastahili mahali pengine, nayo ni desturi yetu ya kumwita mtu mzima kwa jina la kiungo kimoja kilichopungua. Tukisema "yule kiwete" tumekwisha kusahau mikono yake, akili yake, na miaka minne aliyokesha akisoma Kemia. Ndiyo maana siku hizi tumejifunza kusema "mtu mwenye ulemavu", na ingawa masikio ya mshairi huyaona maneno hayo kuwa marefu, tunakubali urefu huo kwa kuwa neno "mtu" limetangulia.

Wahenga nao walituachia onyo: hujafa hujaumbika. Aghalabu tunalitumia kuwatisha wanaocheka. Lakini ndani yake lina maana ya ndani zaidi, kwamba umbo la mtu ni jambo ambalo bado linaendelea kutendeka. Muuguzi mwenye miguu miwili leo anaweza kuanguka na pikipiki kesho. Je, elimu yake itakuwa imeanguka pamoja naye?

Jambo hilo lilitokea, si kwetu bali India. Daktari Mary Verghese wa hospitali ya Vellore alipata ajali ya gari mwaka 1954, akapooza kuanzia kiunoni. Alikuwa kijana katika kazi ya udaktari, na watu wengi wangemshauri arudi nyumbani akapumzike. Paul Brand, aliyekuwa bingwa wa kutengeneza mikono ya wagonjwa wa ukoma mahali hapo, aliona kwamba upasuaji wa mkono unaweza kufanywa na mtu aliyeketi. Verghese akajifunza kazi hiyo, akawapasua wagonjwa wa ukoma akiwa katika kiti cha magurudumu. Baadaye alikwenda New York kusomea namna ya kuwarudishia watu uwezo wa viungo, akarejea Vellore kuiongoza idara ya kazi hiyo. Hakuna aliyemwonea huruma akamlegezea kanuni za upasuaji. Kisu kilipaswa kukata pale pale panapostahili. Kilichobadilishwa kilikuwa kimo cha meza, mahali pa kukaa, na uchaguzi wa tawi la udaktari.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti ambayo hoja yetu yote inaitegemea. Katika kila kazi yako madhumuni, na iko namna ya kuyafikia. Madhumuni ya kusikiliza kifua ni kujua hali ya moyo na mapafu. Kutumia stetoskopu ya kawaida ni namna moja, na leo viko vyombo vinavyokuza sauti hiyo au kuionyesha kwa michoro. Madhumuni ya kupima mapigo ya mshipa ni hesabu iliyo sahihi. Chuo kina haki, tena kina wajibu, wa kuyashikilia madhumuni bila kuyalegeza hata chembe. Namna haina utukufu huo. Mara nyingi tunaitetea kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa sisi. Marekebisho anayoyadai mwanafunzi mwenye ulemavu ni marekebisho ya namna: muda wa ziada, maandishi yaliyokuzwa, mkalimani wa lugha ya alama, kitanda cha kufundishia kinachoshuka, mlango unaopitisha kiti cha magurudumu. Hakuombea alama asizozipata.

Lakini mgonjwa naye ana sauti, na asiyemsikiliza mgonjwa hana haki ya kujiita mtetezi wa mtu yeyote. Shauri maarufu juu ya jambo hili lilikatwa Marekani mwaka 1979. Frances Davis, mwanamke mwenye uziwi mkubwa, alikuwa tayari ana cheti cha uuguzi cha ngazi ya chini, akaomba kuingia chuo cha Southeastern katika jimbo la North Carolina ili awe muuguzi kamili. Alikuwa na kifaa cha kusaidia kusikia, lakini ili aelewe maneno alilazimika kuitazama midomo ya msemaji. Chuo kikamkataa. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba katika chumba cha upasuaji watu huvaa barakoa, na midomo haionekani. Mahakama Kuu ya nchi ile ikakubaliana na chuo, ikasema sheria haikilazimishi kuubadili mpango wake wa masomo kiasi cha kuugeuza kuwa kitu kingine.

Hatuwezi kusema kwamba mahakimu wale walikuwa watu wabaya. Daktari akipaza sauti kwamba mgonjwa anavuja damu, lazima muuguzi aliye kando yake ajue. Ila tunaona kwamba shauri lile liliitazama barakoa kana kwamba ilishushwa kutoka mbinguni. Barakoa ni kitambaa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafunga midomo watu wa dunia nzima, wenye masikio mazima pia waligundua jinsi walivyokuwa wakitegemea midomo ya wenzao, na barakoa zenye dirisha linaloonyesha midomo zikatumika hospitalini na shuleni. Tena si kila muuguzi hufanya kazi katika chumba cha upasuaji. Wengi hawakiingii tena baada ya kumaliza mafunzo.

Sasa tuliondoe shauri hili Marekani tulilete nyumbani, mahali ambapo hapana mawakili wala vyumba vingi vya upasuaji. Tumeichagua kata ya Malambo, katika tarafa ya Sale, wilaya ya Ngorongoro. Nchi ile ni kavu, ya wafugaji wa Kimaasai, na vumbi lake huingia machoni hata mtu akiwa ndani ya nyumba. Kusini mwake ipo milima ya Gol; mashariki ardhi huteremka kuelekea Ol Doinyo Lengai na ziwa Natron. Majirani zao ni Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wakulima wa mifereji wenye lugha yao wenyewe. Hospitali ya Wasso iko mbali, na mvua zikinyesha umbali huo huongezeka. (Kwa Kiswahili malambo ni mabwawa ya kuchotea maji. Mtu akifika huko mwezi wa Septemba atadhani aliyeutoa ule utabiri alikuwa mcheshi.)

Katika nchi kama hiyo muuguzi wa zahanati ndiye mwisho wa safari ya wengi. Na huyo muuguzi ni nani? Aghalabu ni kijana kutoka Mbeya, Kagera au Ruvuma, aliyepangiwa kazi na serikali kwa haki kabisa, kwa kuwa taifa letu liliamua zamani kwamba Mtanzania ni Mtanzania popote. Anafika Malambo akiwa na cheti chake na masikio mawili mazima. Asubuhi ya kwanza anakuja mama wa makamo, ananyoosha mkono hadi mgongoni, anaeleza maumivu yake kwa Kimaasai: yalianza lini, yanakuja vipi, amekunywa dawa gani ya miti. Muuguzi anazisikia sauti zote, haambulii hata neno moja.

Hapo hufanyikaje? Huitwa mtu. Mara ni mlinzi wa zahanati, mara ni shemeji wa mgonjwa, mara ni mtoto wa darasa la sita aliyekuja kuchukua dawa ya kikohozi, naye ndiye anayelazimika kutamka habari za uzazi za mama wa rika la mama yake. Kazi huendelea. Hatujapata kusikia hata mara moja kwamba muuguzi amerudishwa chuoni na kuandikiwa "hafai" kwa sababu hasikii lugha ya wagonjwa wake. Tumemtafutia mkalimani, tukasahau kwamba tumemtafutia.

Huu ndio ushahidi tunaotaka msomaji aupime. Kwa miaka mingi, bila sheria wala semina, utumishi wetu wa afya umekuwa ukifanya marekebisho kwa ajili ya wafanyakazi wasiosikia. Yule wa kwanza hasikii lugha, na yule tunayemkataa hasikii sauti. Kwa mama aliyeketi katika benchi la zahanati, wote wawili wanahitaji mtu wa tatu wa kuufikisha ujumbe. Mmoja tunamwita mtumishi mzalendo aliyekubali kwenda pembezoni. Mwingine tunamwambia kwamba uuguzi si kazi yake. Kama mkalimani ni hatari kwa mgonjwa, basi ni hatari kwa wote wawili, na serikali ingepaswa kuwaondoa wauguzi wengi sana kesho asubuhi. Kama si hatari, au ni hatari inayoweza kupunguzwa kwa mkalimani aliyefundishwa vizuri na kuapishwa kutunza siri, hatuoni kwa nini mlango ufungwe kwa mmoja tu.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, na ni zito. Mkalimani wa Kimaasai yuko kila boma. Mkalimani wa lugha ya alama hayuko Malambo. Zaidi ya hayo, zahanati ya mbali inaweza kuwa na wafanyakazi wawili, na usiku akawa mmoja. Mama mjamzito analetwa saa nane za usiku. Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni lazima yasikilizwe, mama lazima anyanyuliwe, na damu ikitoka lazima mtu atende mara moja. Muuguzi kiziwi ataitwaje akiwa amelala? Muuguzi asiyeweza kusimama atamnyanyua vipi?

Hatutalikwepa pingamizi hili kwa maneno matamu. Ziko kazi ambazo mtu fulani, katika hali fulani, hataweza kuzitenda kwa usalama, na kumpeleka huko ni kumwonea yeye na mgonjwa. Lakini tazama pingamizi lenyewe linashitaki nini. Linashitaki upweke wa zahanati. Muuguzi mwenye nguvu za morani naye hawezi kumnyanyua mama peke yake, akashika taa, akazuia damu, akaita gari, vyote kwa wakati mmoja. Akina mama waliopoteza maisha katika mazingira hayo hawakupotea kwa sababu mkunga alikuwa kiwete. Ni makosa kuuchukua upungufu wa kituo na kuuandika katika mwili wa mwanafunzi. Kisha, kupangiwa kituo ni jambo moja, na kufundishwa ni jambo jingine. Chuo kikikataa kumfundisha kijana kwa sababu hawezi kukesha peke yake Malambo, kimemnyima pia maabara ya Wasso, kliniki ya watoto ya Karatu, duka la dawa la hospitali ya mkoa, ofisi ya takwimu za afya, na darasa la kuwafundisha wauguzi wengine.

Liko jambo jingine ambalo wenye vyuo wanapaswa kulitafakari kwa hofu. Mwanafunzi anayejua kwamba akitaja udhaifu wake atafukuzwa, hatautaja. Atajifunza kuitikia kwa kichwa asiposikia. Atanakili kiwango cha dawa kutoka daftari la mwenzake kwa kuwa ubao hauoni vizuri. Atauficha ugonjwa wa kifafa mpaka siku ya kuanguka wodini. Chuo kilichoweka kanuni kali ili kumlinda mgonjwa kitakuwa kimezalisha muuguzi wa hatari kuliko yule aliyemwogopa, kwa sababu huyu udhaifu wake haujulikani wala haukuandaliwa. Mahali ambapo mwanafunzi anaweza kusema, "Sikio langu la kushoto halisikii, nisimamishe upande huu," mgonjwa yuko salama zaidi. Kwa hiyo wajibu uko pande mbili: chuo kisikilize bila kuadhibu, na mwanafunzi aseme ukweli mapema, ajaribiwe kwa vitendo mbele ya mwalimu, na akishindwa hata baada ya kupewa vifaa na muda, akubali kuelekezwa tawi jingine.

Kisheria taifa halina udhuru. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inataja haki ya kufanya kazi na haki ya kujipatia elimu, na katika ibara hiyo hiyo inautaja ulemavu pamoja na uzee na maradhi kuwa hali za kupata msaada wa jamii. Sheria ya mwaka 1982 iliwataka waajiri watenge nafasi mbili katika kila mia kwa watu wenye ulemavu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 ikapandisha kiwango hadi tatu katika mia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi. Ni hesabu njema. Lakini hospitali itaajiri muuguzi gani mwenye ulemavu, ikiwa hakuna chuo kilichomfundisha?

Nacho chuo kitajibu kwamba waombaji hawaji, na jibu hilo lina kweli ndani yake, maana mlango wa kwanza hufungwa mbali na chuo. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950, na tangu wakati huo watoto wengi wasioona wamesoma kwa nukta nundu wakawa walimu, wanasheria na wachungaji. Wachache mno walipelekwa upande wa sayansi. Maabara ilionekana kuwa mahali pa macho, basi mwanafunzi asiyeona akaelekezwa Historia na Kiswahili, na alipofika mwisho wa kidato cha nne hakuwa na Kemia wala Baiolojia ya kuombea chuo. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 za ziada kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Huo ni uungwana wa kiserikali tunaoupongeza, lakini dakika haziwezi kumsaidia mtu katika somo ambalo hakufundishwa. Wakati huo huo Wajapani, tangu karne ya 17, katika siku za Sugiyama Waichi aliyekuwa haoni, wamewafundisha wasioona kukanda viungo na kutibu kwa sindano, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwafundisha askari waliopofuka kazi ya ukandaji hospitalini. Kidole cha asiyeona hujua msuli. Sisi tunavyo vyuo vya afya kila pembe ya nchi, na wasiotembea wanaohitaji kunyooshwa viungo hawana idadi.

Turudi kwa wagonjwa wenyewe. Malambo na wilaya jirani za Longido na Monduli wamo wazee waliopofushwa na vikope, ugonjwa unaozigeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza kioo cha jicho mwaka baada ya mwaka. Wamo watu wazima waliopata polio kabla chanjo haijafika kila boma. Wamo watoto wenye ualbino chini ya jua lile, na hatutasahau kwamba nchi hii, baada ya mwaka 2006, iliwaona ndugu zao wakiuawa kwa imani za kishirikina. Hivyo hatusemi kwamba mila zetu zote zilikuwa njema. Lakini mtaalamu wa Norway, Aud Talle, aliyeandika mwaka 1995 juu ya Wamaasai wa Kenya, alieleza kwamba kwao mtoto mwenye ulemavu hulelewa pamoja na wenzake na kutarajiwa, akikua, kuwa na ndoa na watoto. Boma hilo lilikuwa limekwisha kufanya marekebisho, wala halikuyapa jina.

Na kuhusu jina, tunatoa rai kama watu wa lugha. Wataalamu wametuletea maneno mengi mazito ya kutafsiri jambo hili. Sisi tungeridhika na neno la barazani. Mgeni akifika na benchi limejaa, waliokaa husogea. Hawamnyanyui aliyekaa, wala hawamwambii mgeni kwamba benchi liliundwa kabla yake. Husogea kiasi, na mazungumzo hayakatiki. Chuo nacho kinaweza kusogea.

Kwa vitendo, kusogea huko kunaanzia katika ile karatasi ya afya. Chini ya neno "hafai" iwekwe nafasi ya kuandika: kazi ipi, ilijaribiwa vipi, kwa vifaa gani, na mbele ya nani. Daktari peke yake asiandike. Mwalimu wa vitendo aandike naye, na mwombaji asikilizwe. Maabara za sekondari zinazopokea wanafunzi wasioona na viziwi zipewe vifaa kuanzia kidato cha kwanza. Na katika bajeti ya halmashauri, pale panapoandikwa mishahara ya zahanati, liwekwe fungu la mkalimani: wa lugha ya alama chuoni na hospitalini, na wa Kimaasai au Kibatemi katika zahanati za Sale, ili yule mtoto wa darasa la sita apewe dawa yake ya kikohozi na kurudi shuleni.